Roli mpya, mahindi ya ng'ambo na malipo kwa mfuko: kisa cha kinu kimoja cha unga Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kinu kimoja cha kusaga mahindi mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilichonunua mtambo wa roli, yaani vyuma vya mviringo vinavyosaga kwa kuzunguka, kuanzia mwisho wa 2022 hadi mwanzoni mwa 2025. Jina la kinu, komini (manispaa) kilipo na chapa ya mashine vimeondolewa, na watu wanatajwa kwa kazi zao tu. Tarakimu zimetoka katika daftari za kinu. Zimezungushwa ili kisitambulike, ila uwiano wake ni uleule. Bei ziko kwa dola kwa kuwa ndivyo mwenye kinu anavyopiga hesabu, ingawa vibarua walikuwa wakilipwa kwa faranga. Niliitwa pale mashine mpya ilipokuwa imeshasimikwa na ugomvi umeshapamba moto, kwa hiyo ya mwanzo nimeyapata kwenye daftari na kwa waliokuwapo.

Usuli

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na reli iliyoufikia mwaka huohuo ilitokea kusini. Migodi imebadilisha wenyewe mara kadhaa tangu hapo, lakini tumbo la mji bado linaangalia kusini. Bukari (ugali) haikosekani mezani, na sehemu kubwa ya mahindi na unga wake hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, chini ya kilomita mia moja kutoka mjini. Malori yanayoteremsha shaba na kobalti kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban hupishana njiani na malori ya chakula yanayopanda.

Kongo imo COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, tangu jumuiya hiyo ilipoanza mwaka 1994, SADC, jumuiya ya maendeleo ya Kusini mwa Afrika, tangu 1997, na mwaka 2022 ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mikataba yote hiyo inakusudia kupunguza ushuru kati ya wanachama. Kwa mwenye kinu wa Lubumbashi, maana yake ni kwamba anagombea wateja na vinu vya Ndola, Kitwe na Lusaka, Zambia, vyenye mashine kubwa za roli, vinavyotoa unga mweupe na laini, uliofungwa kwenye mfuko wa kilo 25 wenye maandishi yanayovutia macho. Na mahindi yake mwenyewe anayangojea kutoka upande huohuo. Mshindani na malighafi wanaingia kwa lango moja. Mwenye kinu alilijua hilo kwa miaka mingi. Ambacho hakukitia katika hesabu ni kwamba vyote viwili vinaweza kukatika kwa wakati mmoja.

Kinu kilivyokuwa kabla

Hadi mwisho wa 2022 kinu kilikuwa na mashine tatu za nyundo na moja ya kukoboa. Walifanya kazi humo watu 34, karibu wote vibarua wa siku. Mahindi yalikobolewa, yakasagwa, kisha akina mama tisa wakachekecha na kupepeta, vijana wakapima, wakashona mifuko na kubeba. Kwa wastani ilitoka mifuko 240 kwa siku, yaani kama mifuko saba kwa kila mtu. Timu nzima ililipwa senti 70 kwa mfuko, wakagawana. Kila mmoja alirudi nyumbani na karibu dola 5.

Mambo mawili ya mfumo huo wa zamani hayakuonekana kuwa na thamani wakati ule. Kwanza, kila kilo 100 za mahindi zilitoa kilo 80 za unga. Unga haukuwa mweupe sana, lakini hakuna kilichopotea bure. Pili, mota za mashine za nyundo ni ndogo. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ulipokatika, jenereta ya dizeli iliweza kuendesha mashine mbili, na siku haikuharibika. Sehemu ya umeme wa Katanga, eneo la Lubumbashi, husafiri kama kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga, kwenye Mto Kongo, hadi Kolwezi, na migodi ndiyo wateja wake wakubwa. Kinu cha mtaani hakiko mbele katika foleni hiyo, na kila anayefanya biashara mjini anaishi akilijua hilo.

Uamuzi wa kwanza: kununua mashine ya roli

Wauzaji wa jumla ndio walioanza kumkimbia. Walimwambia wazi kwamba unga wake una madoadoa, na kwamba mama anayenunua kwa meka, kipimo kidogo cha sokoni, anafungua mfuko, anatazama rangi, anauacha. Mfuko wa unga mweupe kutoka Zambia uliuzwa dola 3 zaidi ya wake, na bado uliondoka haraka.

Alikuwa na njia tatu. Angeweza kufunga kinu na kuwa mwagizaji wa unga, kama walivyofanya wenzake kadhaa. Angeweza kubaki na nyundo na kuuza unga wa dona (hapa, ule usio mweupe wa mashine za nyundo) kwa bei ya chini kwa familia zinazohesabu kila faranga. Au angenunua roli. Njia ya kwanza aliikataa kwa sababu aliyoieleza bila kusitasita: baba yake alisaga, naye anasaga. Ya pili aliiona kuwa ni kujiweka nyuma kwa hiari. Akachukua mkopo benki na kuagiza mtambo kutoka China, wenye uwezo ulioandikwa wa tani 30 za mahindi kwa saa 24. Ulishushwa Dar es Salaam, ukapita Tunduma na Nakonde, ukavuka Zambia yote hadi Kasumbalesa.

Niliusoma mchanganuo aliowapelekea benki. Ukurasa wa kwanza ulihusu watu: wafanyakazi 34 watakuwa 19, gharama ya kazi kwa mfuko itashuka kwa zaidi ya nusu. Mahindi, ambayo ni zaidi ya tisa ya kumi ya gharama yote ya mfuko, yalitajwa ukurasa wa nne, kwa mstari mmoja, kwa bei ya mwezi ule.

Kuhusu zile mashine tatu za nyundo, alitaka kuziuza. Aliyekuja kuzitazama akatoa bei ya vyuma chakavu. Akaudhika, akazifunika turubai.

Mashine inaanza

Mtambo ulianza kusaga Machi 2023. Roli hazipondi mahindi kama nyundo. Mahindi husafishwa, hupitishwa kwenye sumaku, huloweshwa kidogo ili ganda liwe gumu na kiini kilegee, hukobolewa, kisha hupita kati ya jozi za roli zinazozunguka kwa kasi tofauti na kuingia kwenye machekeche. Kinachotoka ni unga mweupe upande mmoja, pumba na kiini upande mwingine. Fundi mkuu, mtu mzima ambaye kinu kizima humwita Muzee, alijifunza kuuendesha kwa wiki tatu akiwa na fundi wa Kichina, wakizungumza kwa kupitisha simu mkononi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Nimewahi kuona mafunzo rasmi ya miezi sita yaliyotoa kidogo kuliko hayo.

Siku ambayo umeme haukukatika, mtambo ulitoa mifuko 420 kwa watu 19. Hiyo ni mifuko 22 kwa kila mtu, mara tatu ya zamani. Tarakimu hii ndiyo mwenye kinu alimtajia kila aliyemtembelea, mimi nikiwemo.

Vibarua 15 waliondolewa wiki hiyohiyo, kila mmoja akipewa malipo ya siku sita: akina mama wote tisa wa kuchekecha na wabebaji sita. Kwa waliobaki, malipo kwa mfuko yalishushwa kutoka senti 70 hadi senti 25. Hesabu ya mwenye kinu ilikuwa hii: mifuko 420 mara senti 25 ni dola 105, gawa kwa 19, kila mtu anapata dola 5.50. Akasema mshahara umepanda. Kwenye karatasi ulikuwa umepanda kweli.

Sasa tazama daftari la siku zote, zile za giza pamoja na zile nzuri. Mtambo mpya ulikuwa mzito mno kwa jenereta ya zamani. Umeme ukikatika, unasimama. Wastani wa miezi mitano ya kwanza ulikuwa mifuko 290 kwa siku. Timu ilipata dola 72.50, kila mtu dola 3.80. Na wastani huo ulificha siku ambazo watu walikaa kinuni toka asubuhi hadi jioni, hakuna kilichosagwa, wakaondoka mikono mitupu. Wakati huo kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, na siku kavu ni sifuri. Kijana mmoja wa kushona mifuko alimwambia bosi mbele yangu, kwa adabu kabisa: "Patron, mashini iko inasaga mingi, lakini sisi hatuone kitu."

Mgogoro

Hakuna aliyetangaza mgomo. Kilichotokea ni kwamba mtu anayelipwa kwa mfuko hujali idadi ya mifuko. Siku umeme unaporudi saa nane mchana, kila mmoja anakimbiza. Mahindi yaliyotakiwa kulowa kwa saa kadhaa yaliingizwa rolini yakiwa makavu, unga ukatoka na vipande vya ganda. Mifuko ikaanza kupima kilo 24 na kidogo. Muuzaji wa jumla mmoja akaleta mizani yake mwenyewe getini, akapima mifuko kumi mbele ya watu, akarudisha shehena yote.

Kisha, Agosti 2023, nati ya chuma ilipenya hadi kati ya roli mbili na kuzichimba. Kuchonga upya meno ya roli ni kazi ya mashine maalumu. Zilipelekwa ng'ambo, kwenye karakana ya upande wa Copperbelt, Zambia, na kinu kikasimama wiki tatu.

Mwenye kinu alisema ni hujuma. Nilipofuatilia njia ya mahindi toka gunia hadi rolini, nilipata maelezo yasiyohitaji adui. Zamani, kabla ya kukoboa, akina mama wa kuchekecha walikuwa wakimwaga mahindi kwenye turubai na kuyapitia kwa mikono, wakitoa mawe, misumari, vifuniko vya chupa. Hakuna aliyewaagiza rasmi wala daftari lililoandika kazi hiyo. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya kupepeta. Walipoondoka, kazi hiyo iliondoka nao. Sumaku ya mtambo ilipaswa kufutwa kila baada ya saa chache, na hakuna aliyepewa jukumu hilo, maana dakika kumi za kufuta sumaku ni dakika kumi za mifuko isiyolipwa.

Wakati roli ziko ng'ambo, watatu kati ya akina mama walioondolewa walikwenda kwa mkaguzi wa kazi. Mwenye kinu hakushtuka. Aliamini kibarua wa siku hana mkataba. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 inasema vingine: kibarua wa siku akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ajira hiyo mpya huhesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Baadhi ya akina mama hao walikuwa na miaka sita kinuni. Shauri halikufika mahakamani. Walikubaliana malipo ya kuachishwa kwa wote tisa na ahadi ya kuwaita kwanza nafasi zikitokea. Jumla ya malipo hayo ilimeza akiba ya mishahara ya karibu miezi miwili.

Uamuzi wa pili: kubadili malipo

Roli ziliporudi Septemba, mwenye kinu alikubali kukaa na timu nzima. Ilichukua vikao kadhaa. Yeye alitaka malipo kwa mfuko yabaki kwa sababu anaogopa watu wa kukaa kivulini. Wao walitaka mshahara wa siku tu, kwa sababu umeme si kosa lao. Hoja iliyofungua mjadala ilitoka kwa Muzee: siku ya giza bosi ana hasara, ni kweli, lakini bosi ana pumba za kuuza na mahindi stoo, kibarua hana hata kimoja.

Walifikia dola 4 kwa siku kwa kila aliyefika kazini, umeme uwepo usiwepo, na juu yake senti 12 kwa kila mfuko uliopita mizani, za kugawana. Siku ya wastani, kila mtu alipata dola 5.80, siku nzuri, dola 6.65. Siku za giza zilipewa kazi: kusafisha mahindi, kuziba mifuko, kupaka mafuta mashine. Mifuko iliyorudishwa na mteja ilikatwa kwenye bonasi ya timu nzima, sharti ambalo wafanyakazi wenyewe walilipendekeza kwa kuwa walishajua nani huwa anaharakisha mizani. Malipo yalipelekwa kwa pesa ya simu kila Jumamosi, na makato ya kutoa pesa yakawa juu ya kinu.

Gharama ya kazi kwa mfuko ilipanda kutoka senti 25 hadi senti 38 kwa siku ya wastani. Mwenye kinu alilalamika kwa wiki mbili juu ya hizo senti 13.

2024: lango linabana

Februari 29, 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mavuno ya mahindi yalishuka chini ya nusu ya mwaka uliotangulia, bwawa la Kariba likakosa maji ya kuzalisha umeme wa kutosha, na nchi iliyokuwa ikiuza mahindi ikaanza kuyatafuta Tanzania. Zambia ilibana mahindi na unga visitoke. Kinuni kwetu, mahindi yaliyokuwa senti 45 kwa kilo yalifika senti 80.

Kama vile hayo hayatoshi, Agosti mwaka huohuo Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo, ukiwemo wa Kasumbalesa, baada ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Ilikuwa siku chache tu, na ugomvi wenyewe haukuhusu mahindi hata punje. Lakini malori mawili ya kinu yalikuwa upande wa pili, na stoo ilikuwa na mahindi ya siku tano. Bei sokoni haikungoja mahindi yaishe; ilipanda siku ya kwanza.

Hapo ndipo daftari lilipogeuka. Unga mweupe wa Zambia ulipungua sokoni, mshindani akawa ameondoka, na ungedhani mwenye roli angeneemeka. Ikawa kinyume. Mnunuzi ambaye mfukoni ana pesa ya meka moja hachagui rangi. Tofauti ya bei kati ya unga mweupe na dona ilishuka kutoka dola 3 hadi kama dola 1 kwa mfuko, huku kila mfuko mweupe ukila mahindi mengi kuliko wa zamani.

Mwenye kinu aliondoa turubai. Mashine mbili za nyundo zilirudi kazini Septemba 2024, zikisaga dona kwa jenereta umeme ukikosekana. Roli ziliregezwa zitoe kilo 78 za unga kwa kila kilo 100 badala ya 70, unga usio mweupe sana lakini unaokubalika. Watu wanane waliitwa, watano kati yao wakiwa akina mama waliochekecha zamani. Wawili miongoni mwao walikataa kurudi kwenye chekeche. Wakapewa kusafisha mahindi na kusimamia sumaku, kwa dola moja zaidi kwa siku.

Pia alianza kutuma mnunuzi njia ya Kasenga, ndani ya Kongo, wakati wa mavuno, badala ya kungoja lori la Kasumbalesa peke yake. Mahindi ya vijijini yalikuja na unyevu mwingi na barabara ilikula faida, lakini yalikuja.

Matokeo

Mwanzoni mwa 2025 kinu kilikuwa na watu 27. Kwa wastani kilitoa mifuko 260 ya roli na 110 ya dona kwa siku, karibu mifuko 14 kwa mtu. Malipo ya wastani yalikuwa dola 6 kwa siku, na hakuna mfuko uliorudishwa kwa uzito mdogo tangu Desemba. Mkopo umeongezewa muda. Benki ilikubali baada ya kuona kinu kina aina mbili za unga. Stoo sasa haishuki chini ya mahindi ya siku 30.

Kati ya akina mama tisa, wanne hawakurudi. Wawili wananunua pumba kinuni na kuzipeleka kwa wafugaji wa nguruwe na kuku pembezoni mwa mji, na wanaingiza zaidi ya walichokuwa wakipata kwenye chekeche. Mmoja anauza unga kwa meka. Wa nne sikumpata, na kinuni hakuna anayejua aliko. Wabebaji watatu nao hawajapata kazi ya kudumu.

Uchambuzi

Anza na hesabu ya mfuko mmoja wa kilo 25, kwa bei za 2023, kabla ya umeme na mkopo:

| | Nyundo | Roli |
|---|---|---|
| Mahindi yanayohitajika | kilo 31 | kilo 36 |
| Gharama ya mahindi | dola 14.10 | dola 16.10 |
| Malipo ya kazi | dola 0.70 | dola 0.25 |
| Pumba zinazouzwa | dola 0.80 | dola 1.50 |
| Gharama baada ya pumba | dola 14.00 | dola 14.85 |

Mtambo ulioletwa kupunguza gharama ulizipandisha kwa senti 85 kwa mfuko. Kilichoulipa ni ile dola 3 ya weupe. Akiba ya mishahara, iliyojaza ukurasa wa kwanza wa maombi ya mkopo, ilikuwa senti 45. Ukiweka mahindi kwa senti 80 na pumba kwa senti 25 kwa kilo, roli inagharimu kama dola 2 zaidi ya nyundo kwa mfuko, wakati weupe unalipa dola 1. Mashine ni ileile, watu walewale, na tija kwa kila mtu haijabadilika. Bei ya mahindi peke yake imeigeuza faida kuwa hasara.

Kwa hiyo swali la tija lilikuwa limeulizwa nusu. Kwa kila mtu, roli ilizalisha mara tatu siku nzuri, mara mbili na kidogo kwa wastani. Kwa kila kilo ya mahindi ilizalisha pungufu: 70 badala ya 80. Mahali ambapo kazi ni ghali na nafaka ni rahisi, mashine kama hii haihitaji mjadala. Lubumbashi hali ni kinyume, na mtambo ulibuniwa na watu wanaoishi kwenye hali ile nyingine. Simaanishi ulikuwa ununuzi mbaya. Bila roli wauzaji wa jumla wangeendelea kuondoka 2022 na 2023, na pengine kinu kisingefika 2024. Lakini ulipaswa kuuzwa kwa benki, na kwa wafanyakazi, kama njia ya kuingia kwenye soko la unga mweupe.

Malipo yalikuwa na kasoro moja kubwa kuliko kiwango chake. Kwa kushusha senti 70 hadi 25 na kuacha kila kitu kitegemee mfuko, mwenye kinu alihamishia kwa vibarua hatari ya umeme, ambayo mashine yake mwenyewe ilikuwa imeiongeza. Aliyekuwa na jenereta na mkopo na stoo akamwachia giza asiye na chochote. Zile senti 13 alizolalamikia, ziweke kando ya dola 16 za mahindi. Unga uliorudishwa, wiki tatu za kusimama na roli zilizochongwa upya viligharimu zaidi ya miaka miwili ya nyongeza hiyo.

Kuhusu waliopunguzwa, kosa la kisheria lilikuwa bayana. La kiufundi lilikuwa limejificha: kazi ya mtu wa chini kabisa ilipimwa kwa jina lake, kuchekecha, na kwa kuwa mashine inachekecha, mtu akaonekana hana haja. Anayepanga kupunguza watu na akae nao siku nzima kwanza, aandike kila wanachogusa.

Upande wa biashara ya mipaka, sikubaliani na wanaosoma kisa hiki kama hoja ya kufunga Kasumbalesa. Ni unga wa Zambia uliomlazimisha mwenye kinu kuboresha wake, na wanunuzi wa mjini walinufaika na ushindani huo kwa miaka. Mikataba ilikusudia kushusha ushuru, lakini hakuna mkataba uliomhakikishia mahindi mwaka wa ukame. Kila serikali hulisha watu wake kwanza, na yeyote angefanya hivyo. Kilichookoa kinu ni kwamba hakikuwa kimemaliza kuhama: nyundo zilikuwa bado zipo, kwa bahati, kwa sababu mnunuzi wa vyuma alikuwa bahili. Sifa ya uamuzi hapo hakuna. Sifa iko kwenye kuziondolea turubai haraka, kwani jirani mwenye roli kama hizo alisubiri bei ishuke hadi akaishiwa mtaji.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni mashine ya kufunga mifuko. Wakala ameileta kwa dola 9,000. Ingechukua nafasi ya watu wawili, akiba ya kama dola 3,600 kwa mwaka. Pesa hizohizo zinanunua tani 20 za mahindi wakati wa mavuno, na tofauti ya senti 15 tu kwa kilo hadi miezi ya njaa ni dola 3,000, pamoja na siku ambazo kinu hakitasimama. Mara ya mwisho nilipopita, mwenye kinu alikuwa bado hajaamua, na safari hii aliwaita timu nzima kusikia wanasemaje. Muzee alisema yeye anataka sumaku kubwa zaidi. Hiyo ilinunuliwa wiki iliyofuata.